KUWAFUNDISHA VIJANA WETU KUTULIA

Hotuba ya Kamati ya Jamii ya Wakimbizi, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa hai. Tunawashukuru pia wenyeji wetu wa Uganda waliotupa mahali pa kulima na kulala. Siku hii ya tarehe 20 Juni ilianza kuadhimishwa duniani kote mwaka 2001. Kabla ya hapo ilikuwa Siku ya Wakimbizi ya Afrika, kwa hiyo ni siku iliyoanzia kwetu.

Miaka mingine kamati hutumia nafasi hii kusema juu ya maji, kuni, mgao wa chakula na madarasa. Mambo hayo bado yapo, na tutayagusa. Lakini mwaka huu tumekubaliana kusema juu ya jambo lisilopimwa kwa kilo wala kwa lita, nalo ni mawazo yanayowasumbua vijana wetu, na mazoezi ya utulivu ambayo tumekuwa tukiyafanya nao.

Asubuhi hii tulisimama dakika moja kuwakumbuka ndugu zetu waliobaki njiani. Ni dakika moja tu. Lakini wengi wetu tuliona ilivyo ndefu. Wengine walianza kukohoa, wengine walitazama simu, wengine machozi yaliwatoka. Ikiwa sisi watu wazima tunashindwa kukaa kimya dakika moja pamoja na yaliyomo moyoni mwetu, kijana wa miaka kumi na mitano afanyeje usiku kucha?

HALI YA VIJANA WETU

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na zaidi ya nusu yao ni watoto wa chini ya miaka 18. Hapa kambini hali ni hiyo hiyo. Wazee miongoni mwetu walikimbia vita vya mwaka 1996, wengine vile vya mwaka 1998 hadi 2003. Wengine walitoka Kivu Kaskazini mwaka 2012, wengine Ituri, na wengine walifika baada ya Goma na Bukavu kutekwa mwaka 2025. Wapo pia vijana waliozaliwa hapa hapa ambao Kongo wanaijua kwa hadithi za usiku tu.

Walimu wametuambia kwamba wapo wanafunzi wanaotazama ubao saa nzima bila kuandika neno. Akina mama wametuambia juu ya watoto wakubwa wanaolala na viatu miguuni ili wawe tayari kukimbia. Kwenye bomba la maji ugomvi unaanza kwa sababu ya dumu moja kutangulia lingine, na unaishia kwa mtu kupasuliwa kichwa. Jioni wapo wanaokunywa waragi au kuvuta bangi, na ukiwauliza sababu wanajibu kwa maneno mawili: mawazo mengi.

Zamani tulilichukulia jibu hilo kama kisingizio. Leo tunajua si kisingizio. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika maeneo yaliyopatwa na vita, karibu mtu mmoja kati ya watano ana tatizo fulani la afya ya akili. Hiyo haina maana kwamba mtu mmoja kati ya watano ni mwendawazimu. Tunaomba neno hilo liachwe, kwa sababu ndilo linalowafanya vijana waogope kusema.

ZOEZI LENYEWE NI NINI

Ndugu zetu, zoezi tunalolizungumzia ni jepesi kulieleza. Mtu anakaa, anaacha kazi kwa muda mfupi, anaiweka akili yake kwenye jambo moja lililopo sasa hivi: pumzi inavyoingia na kutoka, nyayo zinavyogusa udongo, au sauti zinazosikika karibu naye. Akili itaondoka. Itakwenda kwenye vita, kwenye deni, kwenye msichana, kwenye mtihani. Mtu akigundua imeondoka, anairudisha taratibu bila kujigombeza. Ikiondoka tena, anairudisha tena. Ni kama mchungaji wa mbuzi, ambaye kazi yake si kuwafunga mbuzi wasitembee bali kuwarudisha kila wanapoingia shamba la watu.

Kwa nini jambo dogo kama hili lisaidie? Mwili ulioona hatari hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza. Hayo yalituokoa siku ile tuliyokimbia. Shida ni kwamba mwili wa wengi wetu haujapata habari kwamba tumefika. Mlango ukipigwa na upepo, mwili unasikia bunduki. Mtu anapopumua polepole, hasa anapoitoa pumzi nje kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, moyo nao hupunguza mwendo. Na mtu anapotazama udongo ulio mbele yake na kusikia kuku wa jirani, anaukumbusha mwili kwamba yuko hapa, leo, wala hayuko kule.

ASILI YAKE, NA SWALI LA DINI

Tulipoanza, baadhi ya wazee wa makanisa na msikiti walitujia kwa wasiwasi. Waliuliza kama tunawaingiza watoto katika dini ngeni. Swali hilo lilikuwa la haki, na tunalijibu mbele ya wote bila kuficha.

Ni kweli kwamba njia hii ilitunzwa kwa karne nyingi na wafuasi wa Buddha huko Asia. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn, mwalimu katika chuo cha tiba cha Massachusetts nchini Marekani, aliitoa katika mavazi ya dini na kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambayo dawa hazikuyamaliza. Mafunzo yake yalikuja kuwa ya majuma manane. Kutoka hospitali yalienea mpaka shuleni, magerezani na makambini.

Sisi hatufundishi sala, hatutaji mungu yeyote, hatuna sanamu wala ubani. Na kukaa kimya si jambo la Asia peke yake. Watawa wa Kikristo wa jangwani huko Misri walikaa kimya tangu karne ya 4. Waislamu wanajua utulivu wa mtu anayemtaja Mungu kwa kuhesabu tasbihi, na Wakatoliki wanaujua wa rozari. Hatusemi mambo hayo ni kitu kimoja. Tunasema tu kwamba kijana anayejifunza kutulia haibiwi imani yake. Mzazi asiyeridhika ana haki ya kumtoa mtoto wake, na hakuna atakayemnung'unikia.

TULIVYOANZA, NA PALE TULIPOKOSEA

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo baadhi yetu walitaka iachwe. Wengi wa kamati waliamua isemwe, kwa sababu kumbukumbu inayoandika mazuri peke yake si kumbukumbu.

Mwaka 2023 tulipata mafunzo ya siku mbili kutoka kwa shirika moja linaloshughulika na vijana. Mwezeshaji alitufundisha vizuri, akatuachia karatasi chache, akaondoka. Sisi tukaanza na vijana ishirini na wanne, wasichana kwa wavulana, wenye umri wa miaka 13 hadi 19, katika ukumbi wa kanisa siku ya Jumamosi mchana. Majuma mawili ya kwanza yalikwenda salama. Vijana walicheka, wengine walisinzia, na hatukuona ubaya.

Juma la tatu mvua ilikuwa kubwa. Tulifunga mlango. Tuliwaambia wote wafumbe macho, wakae kimya dakika kumi na tano, na mtu asitoke mpaka tuseme. Kabla dakika hizo hazijaisha, mvulana mmoja wa miaka 16 alisimama akipiga kelele, akaangusha benchi, akafungua mlango na kukimbia katika mvua. Tulimtafuta mchana wote. Jioni tulimpata amejikunyata nyuma ya mashamba ya mahindi, karibu na kisima, anatetemeka, hataki kuguswa.

Mama yake alikuja ofisini kwetu kesho yake. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Mmemfanyia nini mwanangu?" Kisha akatuambia tusilolijua. Siku walipovamiwa kijijini kwao, mtoto huyo alifichwa ndani ya chumba, mlango umefungwa, akaambiwa afumbe macho na asitoe sauti.

Ndugu zetu, sisi bila kujua tulikuwa tumemrudisha kwenye chumba kile. Tulimwomba mama yule msamaha siku hiyo, na kwa idhini yake tunaurudia leo mbele ya watu. Tulimsindikiza kijana kwenye kituo cha afya, akaanza kuonana na muuguzi wa afya ya akili. Mazoezi tuliyasimamisha kwa miezi miwili.

Kijana huyo hakurudi kwenye kundi, na hatukumlazimisha. Anaendelea na kliniki na anacheza mpira. Lakini siku moja alimwambia mmoja wetu maneno ambayo yamekuwa kanuni yetu ya kwanza. Alisema, "Mngeniacha nitazame nje, ningekaa."

WATAALAMU WAMEONA NINI

Baada ya tukio lile tuliwaomba wafanyakazi wa afya watueleze kilichochunguzwa. Tuliyoelezwa yalitusaidia kupunguza majigambo.

La kwanza limetokea hapa hapa Uganda. Katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa nchi, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini, wa vijiji 14, walishiriki katika uchunguzi wa mafunzo yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Katika vijiji vilivyopewa mafunzo, wanawake walikutana mara tano katika vikundi vya watu wapatao thelathini, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa na kutumia kitabu cha picha. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walijifunza kutua katika wakati uliopo, kuyapa nafasi mawazo mazito bila kupigana nayo, na kufanya yale wanayoyathamini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baada ya mafunzo, dhiki yao ilikuwa imepungua zaidi kuliko ya wenzao wa vijiji vingine. Hiyo ni habari njema. Lakini wale walikuwa wanawake watu wazima, si watoto wa shule.

La pili limetoka Uingereza. Huko walifuatilia wanafunzi zaidi ya 8,000 wenye umri wa miaka 11 hadi 14 katika shule 85. Nusu ya shule zilifundisha somo la utulivu darasani, nyingine ziliendelea na masomo yao ya kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba somo lile halikuwazidishia wanafunzi nafuu kuliko walivyokuwa wakifundishwa kabla. Wengi wao hawakufanya mazoezi nyumbani. Zaidi ya hayo, kulikuwa na dalili kwamba waliokuwa tayari na matatizo ya akili hawakufaidika, na huenda baadhi yao waliumizwa.

Kutokana na hayo tumejifunza mambo mawili. Zoezi hili si la kumlazimisha kila mtoto aliyeko darasani. Na kijana mwenye jeraha kubwa anahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo, si karatasi yetu.

NAMNA TUNAVYOFANYA SASA

Tulianza tena tukiwa na vijana tisa waliokuja kwa hiari yao. Kwa wale watakaosoma jarida hili katika kambi nyingine, hizi ndizo kanuni zetu:

1. Tunakaa nje, chini ya mwembe. Kukiwa na mvua tunaingia ndani, lakini mlango unabaki wazi, na kila mtu anakaa mahali anapouona.

2. Macho si lazima yafumbwe. Anayetaka anatazama chini, jiwe au jani lililo mbele yake.

3. Tunaanza na miguu. Kila mmoja anakanyaga ardhi kwa nguvu kidogo na kusikia uzito wake. Kisha tunataja kimoyomoyo vitu vitano tunavyoviona na sauti tatu tunazozisikia.

4. Ndipo inakuja pumzi, mara tano hadi kumi, polepole. Ambaye pumzi inamkosesha raha, kwa sababu wapo wanaobanwa kifua, anabaki na sauti au na miguu.

5. Muda wetu ni dakika tatu kwa anayeanza. Hatuzidishi dakika kumi.

6. Hatumwambii mtu akumbuke yaliyompata, wala hatuulizi. Akitaka kusema, tunamsikiliza kando.

7. Kila mtu anaweza kusimama na kuondoka bila kueleza sababu. Mmoja wetu anamfuata kwa mbali, mpaka aone yuko salama.

8. Kijana asiyelala siku nyingi, anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayesema bora afe, haletwi kwenye zoezi. Anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, na hatumwachi peke yake.

9. Baada ya zoezi tunacheza. Mpira, ngoma, kuruka kamba. Vijana hawakuumbwa kukaa tu.

Faida tuliyoiona ni ndogo, lakini ipo. Msichana mmoja alituambia kwamba akisikia hasira inapanda kwenye foleni ya maji, anakanyaga chini na kutoa pumzi mara tatu kabla ya kujibu. Dumu lake bado linarukwa, na bado anadai zamu yake, lakini hapigani. Kijana mwingine anafanya zoezi kabla ya kulala. Ndoto mbaya hazijakwisha. Anasema sasa akiamka anajua upesi zaidi kwamba yuko Uganda.

UTULIVU HAULIWI

Tunajua baadhi yenu mmekaa hapo mnanung'unika, na mna haki. Mzee mmoja alituuliza kwenye mkutano: "Mgao umepunguzwa tangu mwaka 2020, umepunguzwa tena na tena, na ninyi mnatufundisha kupumua?"

Tunamjibu mzee wetu hadharani. Utulivu hauliwi. Hakuna pumzi inayolipa karo ya shule, na hakuna kijana atakayetulia kwa kutazama jani wakati tumbo ni tupu na kesho haina kazi. Wenzetu wa mashirika, tunawaomba msituletee zoezi hili mahali pa chakula, shule ya sekondari, au mafunzo ya ufundi. Siku tutakapoambiwa kwamba fedha za mgao hazipo lakini fedha za semina za utulivu zipo, tutasema hapana.

Lakini kwa mzee tunaongeza neno moja. Kijana aliyekosa chakula na kukosa usingizi ana mizigo miwili. Kama tunaweza kumsaidia kutua mmoja huku tunadai haki yake ya mwingine, kwa nini tusifanye? Kutulia si kunyamaza. Mtu aliyetulia anadai haki yake vizuri zaidi kuliko aliyechanganyikiwa.

MAOMBI YETU

Kwenu wazazi: msimcheke mtoto anayekaa kimya, na msimwite mwendawazimu anayeota ndoto mbaya. Muulizeni amelala vipi, kama mnavyomuuliza amekula nini. Na sisi wenyewe tukubali kwamba hatujatulia. Mtoto hujifunza utulivu kwa baba asiyetupa sahani kuliko kwa kamati.

Kwenu walimu na viongozi wa dini: mkiona kijana amebadilika, tuambieni mapema. Njia ya kwenda kituo cha afya ipitie kwenu bila aibu.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika na wa kituo cha afya: mafunzo ya siku mbili hayatoshi. Anayetufundisha arudi baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu, akae nasi chini ya mwembe, aone tunavyofanya, atukosoe. Tunaomba pia muuguzi wa afya ya akili aongezwe siku za kuwa hapa, maana foleni yake ni ndefu kuliko ya mgao. Na tunaomba maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mama wa hapa anayaelewa akisomewa.

Kwenu vijana: hatuwaambii msahau. Asiyejua alikotoka hajui aendako. Tunawaambia tu kwamba yale mliyoyaona yasiwe ndiyo chakula chenu cha kila usiku. Yapo maisha ya leo pia. Yana kazi yake, na yana furaha yake ndogo. Mkitaka kujaribu, njooni Jumamosi saa tisa chini ya mwembe. Msipotaka, njooni mcheze mpira baadaye, mtakaribishwa vile vile.

Mama yule aliyetuuliza swali yupo nasi hapa leo. Ametuomba tusimtaje jina, na hatutamtaja. Alituambia jambo moja tulipomwomba idhini ya kusema habari hii. Alisema: "Semeni, ili mlango usifungwe tena kwa mtoto wa mwingine."

Mlango hautafungwa.

Mungu awabariki, ailinde Uganda iliyotupokea, na aijalie nchi yetu ya Kongo amani ya kweli.